Gauni la Mtoto wa Maua

Leo nataka tuzungumzie nguo moja ndogo sana. Si gauni la bibi harusi, ambalo limeshasemwa vya kutosha, bali ni gauni la yule mtoto wa miaka minne au mitano anayetangulia mbele akiwa na kikapu cha maua, macho yamemtoka kwa woga, huku mama yake amejibanza nyuma ya nguzo akimpungia mkono asonge mbele. Tunamwita mtoto wa maua. Katika kadi za harusi jina lake haliandikwi, na katika vikao vya kamati hutajwa mwisho, baada ya gari, keki na muziki. Hata hivyo gauni lake lina historia ndefu, iliyopita Uingereza, Marekani, Unguja na Ubungo kabla ya kufika kwenye meza ya kulia chakula nyumbani kwetu.

Tuanze na rangi. Wengi wetu tunaamini kwamba weupe wa harusi umekuja na Biblia, au kwamba Wazungu tangu enzi na enzi walioa kwa nguo nyeupe. Si hivyo. Kwa karne nyingi bibi harusi wa Ulaya alivaa nguo yake nzuri kuliko zote, iwe nyekundu, ya buluu au ya kahawia, kisha akaendelea kuivaa siku za sikukuu mpaka ikachakaa. Walikuwapo wachache waliovaa nyeupe. Mary, Malkia wa Scotland, aliolewa kwa nguo nyeupe mjini Paris mwaka 1558. Lakini nguo nyeupe ilikuwa ya watu wasiofua wenyewe.

Aliyeieneza ni Malkia Victoria wa Uingereza, alipoolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840. Alivaa satini nyeupe iliyofumwa Uingereza, na juu yake lesi ya mkono kutoka Devon, kusini-magharibi mwa nchi ile. Hapa pana jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Lesi ile haikuchaguliwa kwa uzuri wake peke yake. Tangu mwanzo wa karne ya 19 mashine zilikuwa zimeanza kufuma wavu wa lesi kwa bei rahisi, na wanawake wa Devon waliokuwa wakiishi kwa kazi ya vidole vyao walikuwa wanakosa riziki. Malkia alipoagiza kazi ya mkono aliwapa chakula, na akawatangaza. Kwa hiyo hata huko ilikotoka, nguo nyeupe ya harusi ilianza na suala la mkate wa mwanamke mshonaji.

Nyuma yake walitembea wasichana 12 wakiwa wamebeba mkia wa gauni, wote katika nguo nyeupe za kufanana. Nao walipata taabu, maana mkia ulikuwa mfupi kwa watu 12, wakawa wanakanyagana. Wale walikuwa wasichana wakubwa, mabinti wa makabaila. Watoto wadogo kabisa walizidi kuonekana kwenye misafara ya harusi kadiri karne ile ilivyosonga, na picha za magazeti zikauchukua mtindo huo mpaka makoloni. Mwaka 1981, Charles alipomwoa Diana, msindikizaji mdogo kuliko wote alikuwa na umri wa miaka mitano. Sisi wa Bara hatukuwa na televisheni wakati ule, kwani ilitufikia mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Lakini picha za harusi ile zilikatwa kwenye magazeti zikabandikwa ukutani kwa mafundi, na mikono ya puto ikaanza kudaiwa Kariakoo.

Sasa, nguo ya mtoto isingeshonwa nyumbani na mama wa kawaida bila vitu viwili: cherehani na kielelezo cha karatasi. Cherehani lina wazee wengi, lakini Mmarekani Elias Howe alipata hakimiliki mwaka 1846 ya mashine yenye sindano ambayo tundu lake liko kwenye ncha. Hilo ndilo fumbo lote. Sindano ya mkono ina tundu upande wa nyuma, kwa hiyo lazima ipite kitambaani yote nzima. Ya Howe inazama kidogo tu, inaacha kitanzi chini, na uzi wa pili unapita ndani ya kitanzi hicho, kisha nyuzi mbili zinakabana katikati ya kitambaa. Isaac Singer akaja na mashine yake mwaka 1851, na miaka mitano baadaye kampuni yake ikaanza kuuza kwa kulipa kidogo kidogo. Wale wanaodhani mkopo wa jokofu ni uvumbuzi wa juzi wajue kwamba akina mama wa New York walikopeshwa cherehani mwaka 1856.

Kielelezo ni kisa cha mtoto. Ebenezer Butterick alikuwa fundi nguo huko Massachusetts. Inasimuliwa kwamba mkewe, Ellen, alikuwa akimshonea mtoto wao akalalamika kwamba vielelezo vyote vilikuwa vya kipimo kimoja, na kila mara ilibidi apunguze au aongeze kwa kubahatisha. Mwaka 1863 mume akaanza kuuza vielelezo vya karatasi nyembamba vyenye saizi mbalimbali. Kwa maoni yangu huyo mama anastahili kukumbukwa kuliko mumewe. Kila anayewahi kumshonea mtoto anaijua shida yake: mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Kichwa chake ni kikubwa na shingo yake ni nyembamba, kwa hiyo tundu la shingo likikatwa kwa kipimo cha shingo, kichwa hakipiti. Ndiyo maana gauni la mtoto hupasuliwa mgongoni. Kiuno hana, ana tumbo, kwa hiyo nguo haininginii kiunoni, inaning'inia mabegani. Tena anakua. Ukimpima mwezi wa tisa kwa ajili ya harusi ya Desemba, umempima mtoto mwingine.

Nguo zenyewe zilifikaje kwetu? Hapa ndipo historia yetu inapoingia. Kitambaa cha pamba kilichotapakaa pwani na bara katika karne ya 19 tulikiita merikani kwa sababu kilitoka Marekani, kwenye viwanda vya Massachusetts. Sultani Seyyid Said aliwekeana nao mkataba wa biashara mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikata njia hiyo, na baadaye vitambaa vya Uingereza na Bombay vikashika soko, lakini jina la merikani likabaki. Kulikuwa pia na kaniki, ile nyeusi ya buluu, nguo ya watumwa na maskini. Serikali ya Zanzibar ilipoondoa utumwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliitupa kaniki wakavaa kanga. Mavazi kwao hayakuwa urembo mtupu. Yalikuwa ni kusema mbele za watu: mimi si mali ya mtu tena.

Gauni, neno ambalo tumelichukua kwa Waingereza kama lilivyo, lilikuja na misheni. Mbweni, nje kidogo ya mji wa Unguja, wamisionari wa Kianglikana walikuwa na shule ya wasichana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na ushonaji ulikuwa sehemu ya masomo yao. Ukipenda waweza kusema walifundishwa kushona ili wawe wake wa Kikristo wa mfano wa Kiingereza, na hutakuwa umekosea. Lakini msichana aliyejua kushona alikuwa na kitu ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Baadaye yakaja madarasa ya ushonaji ya maendeleo ya jamii, somo la Sayansi Kimu shuleni, na vikundi vya Umoja wa Wanawake wa Tanzania tangu miaka ya 1960.

Nataka msikilizaji uelewe jambo moja kuhusu sare. Wapo wanaosema kwamba hii tabia ya kuvaa sare harusini ni kuiga Wazungu. Nguo nyeupe ni ya kuiga, nakubali. Sare ni yetu. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 ikashuka mpaka Tanga na Dar es Salaam, ilikuwa na vikundi vilivyoshindana kwa sare, Marini upande huu, Arinoti upande ule. Wanawake wa lelemama, Mombasa na Unguja, walishonesha nguo za kufanana, na kikundi kilichovaa hovyo kiliaibishwa hadharani. Tulipompanga mtoto wa Kiafrika katika mstari wa nguo nyeupe tulichanganya mambo mawili: weupe wa Victoria na ushindani wa lelemama. Na ushindani wa sare una upande wake mchungu, kwamba asiyeweza kuinunua hutolewa mstarini.

Hilo linanileta Morogoro, mwaka 1983. Mimi nilikuwa na miaka miwili, nabebwa mgongoni, kwa hiyo ninayosimulia ni ya mama, na ya picha moja nyeusi na nyeupe ambayo bado tunayo. Mama mdogo alikuwa anaolewa, na dada yangu, aliyekuwa na miaka mitano, aliteuliwa kuwa mtoto wa maua. Wakumbuke vijana wa leo hali ilivyokuwa. Vita vya Uganda vilikuwa vimemalizika mwaka 1979 vikaacha hazina tupu. Maduka ya RTC yalikuwa na rafu safi zisizo na kitu. Tangu Machi mwaka huo Waziri Mkuu, Hayati Edward Sokoine, aliendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na majora ya vitambaa ndani alikuwa na maelezo ya kutoa. Viwanda tulikuwa navyo: Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na Mwatex ya Mwanza, iliyoanza wakati huohuo. Lakini vipuri vilitaka fedha za kigeni, na kitambaa kilichotoka kilikwisha foleni ikiwa bado ndefu. Satini nyeupe ilikuwa ni hadithi.

Mama alitazama alichokuwa nacho. Alikuwa na shuka moja jeupe la poplini, ambalo halijatumika sana. Alikuwa na shimizi yake mwenyewe aliyoolewa nayo. Na alikuwa na cherehani la mkono aliloachiwa na marehemu mama yake. Vitu vitatu hivyo ndivyo vilivyozaa gauni.

Kielelezo hakuwa nacho. Alitandika gazeti mezani, akaweka juu yake gauni la shule la dada, akachora pembeni kwa kalamu ya risasi akiongeza upana wa vidole viwili kila upande. Shuka lilitoa sketi, na shimizi ikatoa kifua, kwa sababu hapo ndipo macho ya watu hutua. Sketi aliikata ya upana mara tatu ya kifua, kisha akapiga bandi mistari miwili kwa mkono, mishono mirefu, akavuta nyuzi taratibu mpaka marinda yakakusanyika sawasawa. Anasema asiyejua huvuta mstari mmoja tu, ukakatika, kazi ikaanza upya. Pindo la chini aliliacha la upana wa kiganja kizima, akiwaza miaka ijayo.

Uzi mweupe ulikuwa shida kuliko kitambaa. Mfuko wa unga wa ngano wakati ule ulifungwa kwa uzi wa pamba, na ukijua wapi pa kuanzia unafumuka wote kwa mvuto mmoja. Mama aliwaambia majirani wamwekee nyuzi zao. Zilikuwa nene mno kwa cherehani, hivyo alizitumia kwa bandi na kwa krosia, akafuma ukingo wa shingo na wa mikono usiku kwa taa ya chemli. Uzi halisi, kibobini kimoja, aliuhifadhi kwa mishono itakayovutwa: kwapani, mabegani na kiunoni. Mikono ya puto ilisimama kwa sababu ndani yake alishindilia vipande vya chandarua kikuukuu. Zipu hakuna, basi vifungo vitano vya shati la baba, vikafunikwa kitambaa. Baba, anasema mama, alikwenda kazini wiki nzima na pini.

Kisha ikaja kufua na kupiga pasi. Bluu kidogo kwenye maji ya mwisho, ili weupe wa shuka ukaribiane na weupe wa shimizi. Wanga wa muhogo, uliochujwa mara mbili, ili sketi isimame. Pasi ilikuwa ya mkaa. Jioni ya kuamkia harusi cheche iliruka ikatua kifuani, ikaacha doa la kahawia kama punje ya mtama. Nyanya, mkwe wake, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Weka ua, mwanangu," akasema. Mama akakata kipande cha satini iliyobaki, akakikunja kwa mshazari mpaka kikawa waridi dogo, akakishona juu ya doa. Katika ile picha, wageni wote wanaoitazama leo husifu kwanza ua lile.

Watoto wa maua walikuwa watatu. Mmoja alikuwa na gauni lililoletwa kutoka Nairobi, wa pili alivaa gauni la ubatizo lililoshushwa pindo, na wa tatu ni dada. Hakuna aliyefanana na mwenzake hasa. Padri hakuona, bibi harusi hakujali. Gauni lile likaendelea na kazi: dada alilivaa Krismasi mbili, mimi nikalivaa nikiwa na miaka mitano, binamu akapokea komunio ya kwanza nalo baada ya pindo lote kushushwa. Mwisho sketi iliraruka, na kile kifua cha shimizi mama akakifanya chujio la tui la nazi.

Baada ya hapo mambo yalibadilika haraka. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi, na mitumba ikamiminika. Ghafla magauni ya watoto wa maua wa Ulaya na Marekani, yaliyovaliwa mara moja tu, yalining'inia kwenye kamba za masokoni kwa bei ambayo fundi hawezi kushona. Viwanda vyetu vilidhoofika, vingine vikafungwa, na Urafiki kikawa cha ubia na Wachina mwishoni mwa miaka ya 1990. Kisha yakaja magauni mapya ya China, yenye organza na kung'aa kwingi. Simlaumu mama aliyeyanunua. Mwenye mshahara mdogo hununua kilicho rahisi, na wanaomsuta kwa uzalendo mara nyingi wenyewe wamevaa vya nje. Lakini ujuzi ulikatika njiani. Katika mtaa wetu wa sasa Dar es Salaam, nyumba zenye cherehani linalozunguka nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Na hapa, msikilizaji, ndipo penye kidonda. Nimo katika kamati ya harusi ya kijana wa jirani. Mwezi uliopita ililetwa hoja kwamba watoto wanne wa maua wavae magauni ya aina moja kutoka duka moja, na kila mzazi alipe la mwanawe, mbali na mchango wake. Bei yake ilikuwa sawa na ada ya mtoto ya muhula mzima. Mmoja wa wazazi wale anauza maandazi kituoni. Alisikiliza, akasema kwa sauti ya chini kwamba mwanawe ana kikohozi, afadhali amtoe. Kila mtu mle ndani alijua mtoto hana kikohozi. Mwenyekiti alikuwa ameshafungua mdomo kusema "pole" na kupitisha.

Nilisimama nikawasimulia habari za mfuko wa unga wa ngano. Wengine walicheka, na mzee mmoja akasema kwamba hiyo ni shida ya enzi zile, sasa kuna maendeleo. Nikamuuliza maendeleo gani yanayomtoa mtoto mstarini, ambamo umaskini wa 1983 haukumtoa. Mjadala ulichukua saa nzima, muda ambao keki haikupata. Tukakubaliana hivi: rangi moja, urefu mmoja mpaka chini ya goti, mshono wowote, na atakayeshona nyumbani asiulizwe. Mwenye maandazi akaona ajabu, kikohozi kikapona palepale.

Wawili watanunua dukani. Wawili watashonewa kwetu, wa kwake na mwanangu, kwa kitambaa cha jora moja tulilokwenda kununua pamoja Mtaa wa Uhuru. Mama yangu, ambaye macho yake sasa yanahitaji miwani miwili, amekubali kukata. Meza imeshatandikwa gazeti. Ameniagiza mafuta ya cherehani, chaki ya fundi na sindano namba 11, maana zile nilizomletea kwanza, namba 16, anasema ni za kushonea mahema, zitaitoboa satini.